Kola nilishona mimi, mtihani akafanya yeye!

Najua wiki mbili hizi umefungua ukurasa huu ukakuta matangazo na picha za wasanii, dada yako sipo. Maneno yakaanza kijiweni. Wapo waliosema nimepata mchumba Ughaibuni, wapo waliosema mhariri kanitimua. Wapi, bwana! Nilikuwa Mbagala, nimekaa kwenye kigoda uani kwa watu, namfundisha binti mmoja kushona kola. Leo nakupa mkasa mzima, na sitajipendelea, maana katika mkasa huu mwenye makosa ni mimi.

Kwanza nikutoe gizani. Wengi mnadhani mwandishi wa safu anaishi kwa safu. Thubutu! Mie gazetini nalipwa kwa makala, na makala ikikosa nafasi, wiki hiyo nakula kwa macho. Kazi inayoniweka mjini ni nyingine. Mimi ni mwalimu. Si wa sekondari wala wa vidudu. Nafundisha ushonaji kwenye chuo kimoja cha ufundi stadi cha mtu binafsi, huku huku upande wa Temeke. Jina lake nalihifadhi, wasije wakaninyima na hizo hela ninazowadai.

Niliingiaje? Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2015. Matokeo yalipotoka nikakutwa na divisheni foo, ile ya mwisho mwisho ambayo mtu akikwambia hongera unajua anakutukana. Mama hakulia. Alinishika mkono akanipeleka kusomea ushonaji, akasema mjini hapa watu wanaweza kupunguza kula lakini hawatatembea uchi. Nikapiga Levo 1, nikaenda Levo 2, na mwaka 2019 nikamaliza Levo 3.

Hapo kuna kichekesho. Baba yangu mdogo ni fundi magari wa zamani, ana cheti chake cha majaribio ya ufundi kimekaa kwenye fremu mpaka kimegeuka rangi ya chai. Wakati wao, kabla hata VETA haijaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, fundi alikuwa anaanza na daraja la tatu, anapanda la pili, akifika la kwanza ndiyo ameiva. Sisi wa levo tunahesabu kinyume, moja ndiyo chini, tatu ndiyo juu. Basi nilipompelekea cheti changu cha Levo 3 nikitegemea soda, mzee alikishika, akavaa miwani, akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, miaka yote hii umesoma ukateremka mpaka la tatu?” Mpaka leo sijui kama aliwahi kunielewa. Soda sikupata.

Baada ya hapo nikakodi nafasi kwenye baraza la duka, mimi na cherehani moja ya miguu. Kazi zenyewe unazijua: kupunguza suruali za mitumba, sare za shule ikifika Januari, na vitenge vya kitchen party ambapo wanawake ishirini wanataka mshono mmoja na kila mmoja anataka wake uwe tofauti. Siku moja mwaka 2022 akaja mzee mmoja kufupisha suruali. Akaona vyeti vyangu nimevibandika ukutani. Kumbe ni mkuu wa chuo. Akaniuliza, “Binti, unaweza kufundisha?”

Nikamjibu naweza. Wewe ungejibu huwezi?

Nikaanza kama mwalimu wa muda, kwa kipindi Sh 6,000, vipindi vinane kwa wiki. Hesabu unaijua, piga mwenyewe. Na hizo zinakuja mwezi zikipenda. Kuna wakati tulidai miezi mitatu, tukaambiwa wanafunzi hawajalipa ada. Kweli walikuwa hawajalipa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nawajua waliokuwa wanakuja kwa miguu kutoka Charambe. Sasa utamlaumu nani?

Lakini nisiseme uongo. Siku ile ya kwanza nilipoingia darasani watu kumi na wanne wakasimama wakasema “Shikamoo, Madam”, nilijiona nimekua. Nilivaa sketi ndefu niliyoishona usiku kucha. Nikashika chaki, nikageukia ubaoni, nikaandika neno moja likapanda mlima, jingine likashuka bonde. Chaki nilizozizoea mie ni zile bapa za kuchorea kitambaa. Wakacheka, nami nikacheka, tukazoeana.

Yule mshikaji wangu wa wakati ule ndiye hakucheka vizuri. Alikuwa anauza simu Kariakoo. Akaniambia kwa hizo hela bora nibaki barazani, eti mwalimu wa cherehani ni mwalimu gani, si afadhali hata ungefundisha Kiingereza. Tuliachana kwa mambo mengine, lakini na hilo liliingia kwenye hesabu.

Sasa darasa lenyewe. Mdogo alikuwa wa miaka kumi na saba, mkubwa alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei ambaye wote tulimwita Mama Mkubwa. Huyu alikuwa anashona kabla mimi sijazaliwa. Hapimi mara mbili, hachori, anatandika kitambaa mezani, anakitazama kama mtu anayetazama barabara kabla ya kuvuka, halafu mkasi unapita. Alikuja chuoni kutafuta karatasi tu. Alikuwa ameomba kazi ya kushona sare za shule fulani akaulizwa cheti, akawa hana. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, yeye naye akataka kuniamkia mimi kwa kuwa ni mwalimu. Tukabaki tunatazamana. Mwishowe tukakubaliana mimi ndiye nimwamkie, halafu yeye ananiita Mwalimu. Wengine wote waliniita Madam.

Mwingine ni binti ambaye ndiye mwenye mkasa huu. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa kidato cha tatu mwaka 2019 alipopata ujauzito, na wakati ule ukipata mimba shule ya serikali ndiyo imekwisha. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi. Habari njema, lakini yeye alikuwa ameshafikisha miaka kumi na tisa, mtoto anaita mama, akaona aibu kuvaa tena sketi ya shule na kukaa dawati moja na wadogo zake. Akachagua cherehani. Asubuhi anauza vitumbua pamoja na mama yake, saa mbili na nusu yuko darasani, vidole vinanukia iliki. Ada yote ilitoka kwenye vitumbua.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mshono ulionyooka, pindo safi, zipu anaingiza bila kukunja. Kilichomshinda ni kitu kimoja: kola.

Wewe uliyevaa shati hapo, jishike shingoni. Hiyo kola ni vipande viwili vya kitambaa na katikati yake gamu ya kuifanya isimame. Unavishona uso kwa uso, unageuza, unachokonoa ncha zitokeze, unapiga pasi. Mpaka hapo hata mtoto anaweza. Kasheshe iko kwenye kuiweka shingoni. Shingo imepinda, kola haikupinda sawasawa na shingo, kitambaa kinavutika, na ukikosea kidogo unakuta ncha moja imefika kidevuni na nyingine iko begani. Mtu akivaa anaonekana kama anasikiliza jambo upande mmoja.

Binti akileta blauzi yake kola imekaa upande, mimi nilikuwa nasemaje? “Lete hapa.” Nakaa kwenye mashine yake, nafumua, naweka, trrrr, dakika nne imekaa kama ya dukani. “Umeona?” Anajibu ameona. Na wengine nao hivyo hivyo, lete hapa, lete hapa. Nilikuwa najisikia raha, nakwambia. Unapofumua kazi mbovu ya mtu ukairudisha safi mbele ya darasa, wanashangilia. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Ikaja siku ya wazazi. Tukatundika kazi ukumbini, blauzi kumi na nne, na kola kumi na nne zimesimama kama askari wa gwaride. Mkuu wa chuo akanisifu kwenye kipaza sauti. Mama yake yule binti akaja kunishika mikono yote miwili, akasema Mungu akuzidishie, Mwalimu. Nikazidisha tabasamu.

Wakati watu wanakula pilau, Mama Mkubwa akanisogelea na sahani yake. Akaitazama ile safu ya blauzi. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea na sahani, “Mwalimu, kola hizi zote zimeshonwa na mkono mmoja.”

Nikacheka. Nikamwambia si tumesaidiana.

“Sawa. Lakini wewe kola unaanzia katikati. Unakutanisha katikati ya kola na katikati ya shingo nyuma, unabana, halafu unashona kwenda upande mmoja, unarudi katikati unakwenda upande wa pili. Mimi nimekuona. Hujawahi kulisema hilo hata siku moja.”

Msomaji wangu, nikuambie ukweli? Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu bibi anataka kazi yangu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nalijua hilo lenyewe. Yaani mikono yangu ilikuwa inaanzia katikati miaka saba, kichwa changu hakikuwa na habari. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani, nikashika kola, nikajitazama kama namtazama mtu mwingine. Kweli. Katikati kwanza.

Ungedhani kesho yake nilikwenda nikawafundisha. Hapana. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, tulikuwa nyuma kwenye nadharia, na mimi nilikuwa bado nimenuna. Nilisema siku moja, harakaharaka, nikiwa nafuta ubao, “Na kumbukeni kola mnaanzia katikati.” Nani aliandika? Labda Mama Mkubwa, ambaye hakuhitaji.

Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia. Wanakuja watahini wa nje, wewe unakaa mbali kama mtu aliyemleta mgonjwa. Nilijifanya napita kwenda chooni, nikachungulia dirishani mara tatu. Mara ya kwanza binti alikuwa anakata, mkasi unatembea vizuri. Mara ya pili alikuwa amemaliza mabega na ubavu, pasi inafuka moshi. Nikasema ahsante Mungu. Mara ya tatu alikuwa amekaa tu. Blauzi iko mapajani, kola iko mkononi. Aliiweka shingoni kuanzia upande wa kushoto, akashona, ikamzidi upande wa kulia kama vidole viwili. Akafumua. Akaanzia kulia, ikamzidi kushoto. Akafumua tena, kitambaa kikaanza kutoa nyuzi. Halafu akainua uso akatazama mlangoni.

Alikuwa ananitafuta mimi. Alikuwa anasubiri nimwambie “lete hapa”.

Muda ulipokwisha alikabidhi blauzi kola yake imeshikiliwa na pini.

Matokeo yalipotoka, watano kati ya kumi na wanne walikuwa wameanguka vitendo, na yeye mmojawapo. Mama Mkubwa alipita kama mtu anayekwenda gengeni. Mkuu wa chuo alisema watano si wengi, darasa la umeme wameanguka tisa. Kwa hesabu zake nilikuwa nimefanya vizuri. Alinipa pole na hongera kwa pamoja, mshahara hakugusia.

Mwezi mzima sikumuona binti. Wanaorudia mtihani walikuja kuandikishwa, yeye hayupo. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Nikajiuliza, mimi napata Sh 6,000 kwa kipindi, yeye alikuwa anauza vitumbua vingapi ili chuo kinilipe hiyo elfu sita nimkalie kwenye mashine yake nimfanyie kazi? Nikaona kama nimemwibia. Si hela peke yake. Ule muda nilipokuwa nashona ndio muda aliokuwa anatakiwa kukosea yeye.

Nikaenda nyumbani kumuona mama. Mama yangu, sijakwambia, naye alijifunza kushona chuoni, Kisarawe, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vijana wa leo wengi hawavijui vyuo hivi. Vilianza mwaka 1975, wazo lilitoka Sweden ambako watu wazima wana vyuo vyao vya kujiendeleza, Mwalimu Nyerere akalipenda akalileta huku. Mtu mzima, hata wa darasa la saba, aingie ajifunze useremala, kilimo, kushona, arudi kwao akafanye kazi. Mpaka leo vipo zaidi ya hamsini nchi nzima, na wengi wa wasichana kama huyu binti wangu wameokolewa na vyuo hivyo.

Nikamweleza mama kisa chote. Akasikiliza huku anachambua mchele. Akasema, “Mwalimu wetu Kisarawe alikuwa anafunga mikono nyuma.”

“Kwa nini?”

“Ili isije ikashika kitambaa cha mtu. Anasimama nyuma yako, mikono mgongoni, anakuuliza. Hapa umefanya nini? Kwa nini imekunjamana? Sasa utafanyaje? Tulikuwa tunamchukia huyo mwanamke! Ukilia anakwambia lia lakini fumua.” Akapepeta ungo. “Lakini mie mpaka leo kola siwezi kukosea.”

Jumamosi iliyofuata nikapanda daladala mpaka Mbagala, nikauliza nyumba ya vitumbua, nikaonyeshwa. Mama yake binti alinipokea mlangoni, hakunikaribisha. Mikono ile ile iliyonishika siku ya wazazi sasa ilikuwa imeshika upawa. Akaniambia, “Umefuata nini tena, Mwalimu? Ada tulimaliza.”

Nilijua la kusema nikiwa kwenye daladala, pale mlangoni likaniruka. Nikasema tu kwamba mtoto wako hana kosa, kola zile nilishona mimi. Alinitazama muda mrefu. Nyuma yake mafuta yanachemka. Mwisho akasogea pembeni, akasema, “Yupo uani. Anafua.”

Ndiyo hizo wiki mbili nilizokosekana hapa. Nilikwenda kila siku jioni baada ya vipindi. Tulianza na karatasi kwanza, maana kitambaa ni hela. Fundi yeyote atakwambia karatasi ya kuchorea vipimo ni gazeti la zamani, na nyumba hiyo magazeti yapo ya kufungia vitumbua. Siku ya pili namuona anakata kola kutoka kwenye ukurasa fulani, natazama vizuri, kumbe ni safu yangu mwenyewe! Ile niliyoandika kuhusu wanaume wanaoomba nauli. Kichwa changu cha habari kimekatwa kikawa ncha ya kola. Akashtuka, akaniomba radhi. Nikamwambia endelea, pengine hapo ndipo makala ile itafanya kazi.

Nilikaa kwenye kigoda, mikono nimeikalia. Si utani, niliikalia, maana kuifunga mgongoni nilishindwa, ilikuwa inachomoka yenyewe. Anaweka kola vibaya, nami roho inaniwasha, nataka kusema lete hapa, namung'unya mdomo. Namuuliza, katikati yako iko wapi? Ananionyesha. Na katikati ya shingo? Anatafuta. Kumbe hakuwahi kujua shingo ina katikati! Alidhani shingo inaanza kifungoni. Nikamwonyesha ukikunja blauzi bega kwa bega, pale mgongoni inapojikunja, ndiyo penyewe, weka alama ya chaki. Aliweka alama, akabana pini moja tu pale katikati, akanitazama, akatazama kola, akasema, “Aaah.” Hiyo “aaah” ndiyo mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, na ulilipwa kwa wakati.

Hakufaulu siku ile. Wala kesho yake. Siku ya sita ilikaa.

Sasa sikia upande wa pili wa shilingi zangu. Mwaka mzima nilikuwa nacheza kikoba na wenzangu wa barazani, nimefikisha Sh 850,000. Hela hiyo ilikuwa na jina: overloki ya mtumba. Mashine ya kufunga nyuzi kingo za nguo. Bila overloki unapeleka nguo kwa mwenzako, unamlipa, na kazi zako za sare haziendi. Ukiwa nayo unachukua oda kubwa. Kila fundi mwenzangu aliniambia usifanye ujinga, nunua mashine.

Lakini wakaguzi walikuja chuoni, wakaomba vyeti vya walimu. Cha ufundi ninacho. Wakauliza, cha ualimu? Nikawa kimya. Mkuu akaniita baadaye akaniambia kwa upole kwamba hawezi kunifanya mwalimu wa kudumu bila cheti hicho, na kunisomesha hawezi. Nikasome mwenyewe, Morogoro, kwenye Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kilicho chini ya VETA. Huko ndiko wanakochukua fundi aliyeiva wakamfundisha kufundisha: kupanga somo, kupasua kazi moja kuwa hatua ndogo ndogo, kupima kama mtu ameelewa kabla mtihani haujampima. Yaani yale yale aliyonieleza Mama Mkubwa na sahani ya pilau.

Nikapiga hesabu. Ada, chumba, chakula, nauli, na vipindi nitakavyokosa. Overloki yangu yote inaondoka, na bado nitakopa. Nikirudi nitapata nini? Sijidanganyi. Kuna wenye cheti hicho ambao bado wanafundisha kwa vipindi. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira mtandaoni, unaomba wewe na wenzako mkajaze uwanja siku ya usaili. Kwa upande mwingine serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA wilayani, na tangu Januari 2024 kuna sekondari zilizoanza mkondo wa amali, mtoto anasoma ufundi tangu kidato cha kwanza. Wote hao watafundishwa na nani? Mafundi tupo tele, kila baraza lina fundi. Fundi anayeweza kukaa na mikono yake akamwacha mtu akosee, huyo nimemtafuta hata kwangu mwenyewe sikumpata.

Ningeandika hapa kwamba nilisali nikapata jibu. Wala. Nilikesha siku tatu, nikawa nafungua picha za overloki kwenye simu kama mtu anayefungua picha za mpenzi wa zamani. Siku ya nne nikaenda kulipia fomu. Wenzangu wa kikoba wamenicheka mpaka wamechoka. Mama Mkubwa hakucheka. Siku hizi ameajiri wasichana wawili kwa ajili ya zile sare, zabuni alipata. Ameniazima begi lake la magurudumu, na kuhusu nafasi yangu ya barazani amesema atanishikia, kodi atalipa yeye, lakini nikirudi niwafundishe wale wasichana wake bure. Bibi huyu! Hata wema wake una vipimo.

Baba mdogo ameuliza naenda kusomea daraja la ngapi. Nikamwambia mzee, safari hii halina namba. Akafurahi, akaninunulia soda.

Kwa hiyo Jumapili napanda treni ya SGR, hii iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Moro Juni 2024. Zamani mtu akienda kusoma Morogoro mlikuwa mnamsindikiza na maji ya njiani. Sasa haifiki saa mbili uko chini ya milima ya Uluguru, huna hata muda wa kulia. Mhariri ameniuliza kama safu itakuwepo. Nimemjibu itakuwepo, ila malipo atume mapema, niko safarini. Amesoma ujumbe, kakaa kimya, kama kawaida.

Yule binti anarudia mtihani mwezi ujao, na mimi sitakuwepo hata kule nje ya dirisha. Jana usiku amenitumia picha ya blauzi ya kitenge, ameishona peke yake kuanzia kwenye karatasi. Nimeikuza picha. Kola imekaa katikati barabara, lakini ncha ya kushoto ni ndefu kidogo kuliko ya kulia, kama unene wa uzi. Mteja haoni. Mtahini anaona.

Nilishaanza kuandika afanye nini. Nikafuta. Nikamuuliza, “Ncha zako unazionaje?”

Mpaka napeleka makala hii kwa mhariri alikuwa bado hajajibu, ila alama za bluu zinaonyesha amesoma. Nadhani anatafuta rula.